Mwenzio Akisimamisha Gari Kumsaidia Asiyemjua

Kuna watu hawawezi kulipita gari lililowekewa matawi mabichi mbele na nyuma bila kupunguza mwendo na kushusha kioo. Ukiwa umeoana na mtu wa namna hiyo, safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya si kilomita 830 tu. Ni kilomita 830 pamoja na dereva wa semi aliyeishiwa maji Kitonga, mama mwenye mtoto mgongoni anayesubiri usafiri Doma, na bibi wa Ilula ambaye nyanya zake hazijaguswa tangu asubuhi.

Mwongozo huu ni wa yule anayekaa kiti cha pembeni. Unaipenda huruma ya mwenzio, pengine ndiyo iliyokufanya umpende. Ila saa nane mchana, jua linaingia dirishani na watoto wanauliza kama mmefika, unajikuta umenuna, na "asante" utakayoitoa jioni haifuti kununa kule. Wema wa barabarani unataka nafasi: muda, maji, hela ndogo ndogo, kiti kimoja. Ukimtengea mwenzio nafasi hiyo kabla gari halijawashwa, umeshamthamini kuliko maneno yoyote ya njiani. Na maneno nayo yatatoka kirahisi, kwa sababu hutakuwa na kinyongo.

Tumeichagua barabara ya TANZAM, yaani hii ya Dar hadi Mbeya inayoendelea Zambia, kwa kuwa ina kila kitu: vijiji vya alama ya kilomita 50 kwa saa, hifadhi ya wanyama, mlima wenye kona, malori ya kwenda Zambia na Kongo, na wauzaji wa mazao kando ya lami. Anayekwenda Moshi au Mwanza abadilishe majina ya vituo tu.

Tenga muda kwanza

Ugomvi mwingi wa safarini unaanzia kwenye ratiba, hata kama mdomoni unasikika kama ugomvi wa tabia. Anayetaka kulala Mbeya siku hiyo hiyo hana hata dakika ya kumpa mtu. Kila kusimama kunasogeza safari kuelekea gizani, hofu ya giza inageuka hasira, na hasira inamwangukia aliyesimamisha gari.

Fanyeni hesabu hii. Dar hadi Iringa ni takriban kilomita 500. Ukihesabu vijiji, foleni ya malori, Mikumi na Kitonga, pamoja na kula na kuchimba dawa, weka saa 10. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri mtafika saa tisa alasiri. Sasa ongeza saa moja na nusu mahususi kwa ajili ya watu msiowajua. Mtafika saa kumi na nusu, jua bado lipo, na hakuna aliyechelewa. Laleni Iringa. Siku ya pili zinabaki kilomita 330 hivi, na hapo saa moja ya akiba inatosha.

Ile saa moja na nusu iite kwa jina mbele ya mwenzio: "Muda huu ni wako, usimame pale utakapoona panafaa." Sentensi hiyo ina uzito wake, kwa sababu wengi wenye huruma wamezoea kuiba dakika na kuomba msamaha. Na wanaowasubiri Mbeya msiwaambie saa. Waambieni "jioni". Simu za "mmefika wapi?" kila nusu saa humfanya mwenye huruma ajione mkosaji.

Bahasha na buti

Hela ya wema ikae peke yake. Weka bahasha ya kiasi mnachokimudu, tuseme shilingi 40,000 kwa kwenda na kiasi hicho hicho kwa kurudi, ikiwa na noti za 1,000, 2,000 na chache za 5,000. Anayeishika ni yule mwenye mkono mwepesi, na katika safari nzima haulizwi katoa ngapi wala kwa nani. Ikiisha, wema unaobaki ni wa maji na nguvu. Kuchenji noti kuna sababu. Mwenye noti za 10,000 tupu atatoa zaidi ya uwezo, au ataanza kumdai chenji mtu anayempa. Bila bahasha, hela itachomolewa kwenye ya mafuta, na hapo ndipo mume na mke huanza kuhesabiana.

Kwenye buti, zaidi ya jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba na mtungi wa kuzimia moto, pakia dumu la maji safi la lita 20, waya za kubusti betri, kamba imara ya kuvutia gari, pembetatu mbili za kuakisi, vizibao viwili vya kuakisi mwanga, tochi, glavu za mpira jozi tatu, na kipande cha mbao nene cha kuweka chini ya jeki. Ongeza kanga mbili safi. Kanga hufunika majeruhi, hufunga mkono uliovunjika, hutengeneza kivuli, humsitiri mama. Pakia pia kipande cha sabuni, chupa ndogo ya mafuta ya kupikia na sukari kidogo kwenye kikopo. Tutaeleza kwa nini.

Ukilipakia buti hilo mwenyewe, bila kuombwa, usiku wa kuamkia safari, mwenzio atalifungua njiani akute kila kitu kipo. Hatahitaji kuelezwa kwamba unaijua na kuikubali hali yake.

Makubaliano ya watu wawili

Kabla hamjafika Chalinze, semezaneni mambo matatu. La kwanza, yeyote kati yenu akisema "tusisimame", hamsimami. Sababu itaelezwa mkishapita, si pale pale, maana mabishano ndani ya gari linalopunguza mwendo ni hatari. La pili, giza likiingia hamsimami kwa gari lililoharibika wala kwa mtu anayepunga mkono. Mnaenda hadi kituo cha polisi, kizuizi cha barabarani au sheli iliyo mbele, mnatoa taarifa ya mahali mlipoliona. La tatu, hampokei hata shilingi ya mtu mliyempa lifti. Hilo la tatu si suala la utu peke yake: gari binafsi linalobeba abiria kwa nauli bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, linavunja sheria, na elfu mbili ya "soda" inaweza kuugeuza wema wa mwenzio kuwa kesi.

Haki hiyo ya kusema hapana ndiyo inayokupa utulivu wa kusema ndiyo mara nyingi. Asiyekuwa nayo hupinga kila kitu, hata cha maana.

Mwenzio anaposimama, wewe una kazi

Kosa la kawaida ni kubaki kwenye kiti, kioo juu, ukitazama simu. Yule anayesaidiwa anaona, na mwenzio anaona zaidi. Huhitaji kujua ufundi ili uwe na kazi. Vaa kizibao, washa taa zote za tahadhari, hakikisha gari lenu limetoka kabisa kwenye lami, kisha peleka pembetatu hatua 70 hadi 100 nyuma, na zaidi ya hapo kama kuna kona. Watoto wabaki na mikanda, au washuke upande wa porini na kukaa mbali na lami. Halafu simama mahali unapoyaona magari yajayo na mpe mwenzio habari: "Lori linakuja." Anayeinama kufungua nati haoni nyuma yake. Kumlinda mgongo ni shukrani ya wazi kabisa.

Gari lililochemsha ndilo mtakalolikuta zaidi, hasa kwenye mpando wa Kitonga ambako kona zinafuatana kwa kilomita kadhaa na malori yanapanda kwa gia ndogo kabisa. Msisimame ndani ya kona. Piteni, tafuteni palipopanuka, mrudi kwa miguu na dumu. Mwenye gari mara nyingi ana haraka na anataka kufungua kifuniko cha rejeta hapo hapo. Mzuieni. Maji yaliyo chini ya shinikizo yatamrukia usoni. Subirini angalau dakika 30, na bora 45, boneti likiwa wazi. Kisha kifuniko kifunikwe kitambaa kizito na kizungushwe robo mzunguko, mvuke utoke, ndipo kifunguliwe chote. Maji yaingizwe kidogo kidogo, kwa sababu maji baridi mengi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi, na hapo mtakuwa mmemwongezea hasara. Gari dogo likimeza lita 3 hadi 5 na bado halijai, au maji yanatiririka chini, tatizo ni mpira au rejeta yenyewe. Linahitaji fundi, kujaza tena na tena hakutamfikisha.

Katika zile dakika 45 ndipo subira yako inapojaribiwa. Usisimame umeshika kiuno ukitazama saa. Toa maandazi. Muulize mwenye gari ametoka wapi. Kama ana mke na watoto ndani, wakaribishe kivulini na uwape maji ya kunywa kabla ya yale ya rejeta. Mwenzio akiinua uso kutoka kwenye injini akakuta umemshika yule mtoto wa watu mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, mmeshakuwa wawili katika jambo alilodhani analifanya peke yake.

Pancha ni rahisi zaidi. Nati zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili, jeki ikae juu ya ule ubao ili isizame kwenye mchanga, na mtu asiingize mwili chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Wakati wa kukaza, nati zikazwe kwa kuvuka, moja na iliyo mkabala nayo, kisha mwambieni mwenye gari azikaze tena baada ya kilomita 50. Betri iliyokufa nayo ina mpangilio wake: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri, ili cheche isitokee karibu na gesi yake. Gari zima lingurume dakika tano ndipo lile lingine lijaribiwe. Kuchomoa kunaanzia mwisho kurudi mwanzo.

Mkimaliza, ondoeni matawi na mawe. Hili linasahaulika mno. Madereva wa malori huweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu, gari likipona wanaondoka, mawe yanabaki kwenye lami yakimsubiri wa bodaboda wa saa mbili usiku. Kama mwenzio ni mtu anayerudi nyuma hatua thelathini juani kubeba jiwe ambalo hakuliweka yeye, mtazame vizuri anapofanya hivyo. Aone kwamba umeona, na beba lako.

Sasa ile sabuni. Mikono yenye grisi haitoki kwa maji matupu. Mmiminie kijiko cha mafuta ya kupikia viganjani, mwongezee sukari kidogo, asugue kwa dakika moja hadi kwenye kucha, kisha sabuni, kisha wewe ummiminie maji kutoka kwenye dumu polepole, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima kabla ya chakula. Usimpe dumu ajimiminie. Mikono yake imechafuka na ya kwako ni misafi; mnawishe. Kuna waume na wake ambao maneno matamu huwaona aibu wakiyasema na aibu wakiyapokea, lakini maji yale wanayaelewa.

Lifti, na wivu ulio chini yake

Kumpa mtu lifti kunagusa mambo ambayo maji ya rejeta hayagusi. Hesabu mikanda: gari la watu watano lenye familia ya wanne lina nafasi moja, na kumbana mtoto ili mtu mzima aenee si wema kwa mtoto. Mizigo ya mgeni iende kwenye buti, na mjue ni nini. Gunia la mkaa au kifurushi asichotaka kifunguliwe ni sababu ya kutosha ya kusema hapana kwa upole. Mkikutwa nacho kwenye kizuizi, gari ni lenu.

Anayepakiwa akiwa mzee, mwachie kiti cha mbele bila kusubiri kuambiwa, umwamkie "shikamoo", uhamie nyuma na watoto. Kitendo hicho kina faida mbili: mzee anapata heshima yake, na mwenzio anapata jibu la swali alilokuwa anaogopa kukuuliza.

Wivu nao usemwe. Mume akimsimamia binti anayesubiri usafiri, au mke akimpakia kijana, anayekaa pembeni anaweza kuchomwa na jambo analoona aibu kulitaja. Kubalianeni mapema: lifti yoyote mnaulizana kwanza, kwa maneno, gari likiwa bado linatembea, na mgeni akitaka namba ya simu ili aje ashukuru, inatolewa ya yule aliye wa jinsia yake. Utaratibu mdogo kama huu unaondoa maswali ya usiku. Bila huo, mtu mwema huanza kutuhumiwa, na akituhumiwa mara mbili tatu huacha kusimama hata kwa wajawazito.

Pale ambapo huruma ni kutosimama

Kuna mahali utamthamini mwenzio kwa kumshika bega na kusema "twende".

Lori la mafuta lililopinduka ni la kwanza. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia kuchota petroli kwenye lori lililoanguka, likalipuka; waliokufa walipita 100. Januari 2009 balaa kama hilo lilitokea Sachang'wan nchini Kenya, na huko nako walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hauonekani na husambaa chini chini, na cheche ya injini inautosha. Geuzeni au simameni mbali sana, pigeni 114 kwa Zimamoto na 112 kwa polisi, wazuieni magari mengine yasisogee. Kazi hiyo ya kuzuia magari inaokoa watu wengi kuliko kukimbilia pale.

Mikumi ni ya pili. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na gari likiharibika humo wenye gari wanatakiwa kubaki ndani. Msishuke kuwasaidia. Sogezeni kioo kwa kioo, wapeni maji ya kunywa, ulizeni kama wana chaji ya simu, kisha pelekeni taarifa kwa askari wa hifadhi getini.

Ajali yenye majeruhi haina jibu moja. Kama hakuna moto, majeruhi wasivutwe ovyo, kwa sababu shingo au uti wa mgongo uliovunjika unaweza kuharibiwa na mikono ya haraka. Vaeni glavu, bana jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi bila kukiachia hadi damu itulie, mfunikeni kwa kanga, pigeni 112. Mkilazimika kumpeleka hospitali, polisi wajulishwe, maana majeruhi wa ajali huhitaji fomu ya polisi ya PF3. Baada ya tukio kama hilo mwenzio anaweza kutetemeka, au kunyamaza kilomita mia nzima. Usimsifu wakati huo. Shika usukani wewe, zima redio, na mkifika mji ulio mbele simameni mnywe chai ya moto yenye sukari.

Na watoto wa kando ya barabara: msiwarushie pipi kutoka kwenye gari. Mtoto aliyeokota pipi leo atakimbilia gari linalofuata kesho. Kama mwenzio anataka kuwapa kitu, egesheni, mshuke, mkabidhi kwa mama yao.

Kununua nako ni huruma

Wapo ambao wema wao hauonekani kwa sababu unapita kwenye manunuzi. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu, Ilula nyanya, na kila basi likisimama wachuuzi wenye nguvu ndio wanaofika dirishani kwanza. Mtazame mwenzio anavyonunua. Pengine anawapita vijana watatu wanaomwita "mama, njoo, mama, bei poa" hadi kwa bibi wa mwisho aliyekaa chini na visado vinne vilivyopangwa nyanya za rangi tofauti, nyekundu na za kijani, ili zifike Mbeya bila kuoza. Anainama, anaamkia, anasubiri kuitikiwa "marahaba" kabla ya kuuliza bei. Haombi kupunguziwa. Ananunua visado viwili wakati mlihitaji kimoja, na chenji anaiacha kiganjani mwa bibi, akikifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

Wewe pembeni unaweza kuona shilingi zilizopotea na nyanya zisizo na kazi. Shuka na kikapu badala yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kikapu kinamwokoa bibi asihangaike kutafuta kifungashio. Nyanya za ziada zipelekeni kwa wenyeji wenu. Mgeni wa kutoka Dar aliyepita Ilula hatarajiwi kufika mikono mitupu.

Namna ya kusema

Ngoja gari liondoke. Kumsifu mwenzio mbele ya aliyesaidiwa kunamfanya yule mtu awe mzigo uliobebwa. Lakini usingoje hadi usiku, maana kufikia usiku kutakuwa na habari za chumba, chakula na watoto. Kilomita kumi au ishirini za kwanza baada ya kuondoka zinafaa. Mikono bado inanuka sabuni.

Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho, si tabia nzima. "Wewe ni mtu mwema sana" ni sifa inayoteleza; mtu hana cha kuishikia. Linganisha na hii: "Baba Neema, nilivyoona umemwambia yule kijana kwamba kosa si lake, rejeta huharibika kwa yeyote, niliona mabega yake yameshuka. Nimefurahi kuwa ni mume wangu." Hapo kuna tendo, kuna lilivyomgusa mgeni, na kuna lilivyokugusa wewe. Sentensi mbili zinatosha. Ukizidisha, itasikika kama unajilazimisha.

Neno la kuepuka ni "lakini". "Umefanya vizuri, Mama Neema, lakini tumechelewa." Masikio ya binadamu hubakiza nusu ya pili. Kama kweli muda umezidi, liseme kesho yake asubuhi wakati wa kupanga siku, kama suala la ramani: "Leo tuna saa moja ya akiba, ikiisha Makambako, tutanyoosha." Epuka pia kulinganisha ("kaka yako angepita tu"), epuka kudai ("na mimi siku moja unisaidie hivyo"), na usimpige picha yule anayesaidiwa ukaitupia mtandaoni. Utakuwa umemlipisha mgeni kwa sura yake, na mwenzio hakuombwa ruhusa.

Mkifika, simulia mbele ya watu wake. Kwa wengi wetu sifa inayotolewa mbele ya wazazi inadumu kuliko ya chumbani. Mwambie mama yake, baada ya salamu na maji ya kunywa: "Mama, mwanao ametufundisha kitu njiani." Simulizi moja, dakika mbili, bila kutaja kiasi cha hela. Mama mkwe atajibu kwa kumtazama mwanae, na hilo hulinunui. Isipokuwa mwenzio awe ni wa wale wanaoamini sadaka isitangazwe. Wa namna hiyo ukimtaja hadharani unamwibia. Mshukuru mkiwa wawili na uishie hapo.

Ikiwa huruma yake haifiki nyumbani

Wapo wanaosoma hadi hapa wakiwa na uchungu. Mwenzao anasimama kwa kila mtu, anacheka na madereva, anatoa chenji, kisha anafunga mlango wa gari na kuwafokea watoto. Kuambiwa uthamini wema kama huo ni kuongezewa mzigo, nasi hatutakuambia ujifanye huoni.

Mambo mawili husaidia. Kwanza, tenganisha. Ukimjibu "kwa watu unajifanya malaika" saa hiyo hiyo, atasikia kwamba unachukia kusaidiwa kwa wengine, na kiini cha malalamiko yako kitapotea. Kishukuru kilicho kizuri kwa dhati, halafu siku nyingine, mkiwa nyumbani na hamjachoka, sema: "Ile sauti uliyotumia kwa yule mzee wa Mafinga, naitamani itumike kwetu pia." Umemwonyesha kitu ambacho tayari anakiweza. Pili, angalia uchovu. Aliyeendesha saa sita, akapiga jeki juani nusu saa, anabakiwa na subira ndogo, na inayoisha kwanza ni ile ya watu wa ndani kwa kuwa hawamwogopeshi. Badilishaneni usukani kila saa mbili. Kama hujui kuendesha, mlazimishe apumzike dakika 20 kiti kikiwa kimelazwa kabla ya kuondoka tena. Ikiwa baada ya kupumzika na kuambiwa bado hali ni ile ile mwaka hadi mwaka, hilo limeshatoka kwenye mambo ya safari na linahitaji wazee au mshauri wa ndoa.

Daftari la gari

Wengi huwa na daftari kwenye droo ya gari la kuandikia kilomita, lita za mafuta na tarehe ya kubadili oili. Ongeza mstari mmoja kwa kila kusimama: tarehe, mahali, tendo. "Kitonga, lita 4 za maji, Fuso la njano." "Doma, mama na mtoto hadi Mikumi." Hapana majina ya watu, hapana hela. Andika wewe, si yeye.

Mkirudi Dar msomee kurasa hizo siku mtakapokuwa mnalifagia gari. Kisha daftari likiwa bado wazi, fanya hesabu ya kilichotumika: glavu jozi mbili, kanga moja iliyoachwa kwa majeruhi, nusu ya sabuni. Nunua vipya wiki hiyo hiyo, rudisha kwenye buti, na dumu la lita 20 lioshwe, lijazwe maji mapya siku moja kabla ya safari ijayo.